Mtihani Kabla ya Kununua Mashine

Jumatatu, 3 Machi

Leo historia imeanza. Msambazaji amekuja na gari lake, ameshusha mashine mpya za gemu mlangoni kwangu. Nyeusi, nyembamba, zinang'aa mpaka nimeiona pua yangu ndani yake. Nimezigusa kwa vidole viwili tu. Machozi yamenilengalenga na sioni aibu kuandika.

Halafu nikainua macho. Lahaula! Gari limevuka barabara! Msambazaji anashusha mashine zile zile, nyingi vile vile, kwa Jirani wa Ndoo! Mtu anayeuza ndoo, pasi na mifagio! Nilivuka barabara na kandambili moja, ya pili sijui ilibaki wapi. Msambazaji akanieleza kwa upole kwamba kampuni inataka wakala mmoja tu katika mtaa huu. Atatupima kwa wiki mbili. Atakayeonyesha kwamba mashine itadumu mikononi mwake anapewa uwakala, mwingine ananyang'anywa hata zilizobaki. Jirani wa Ndoo akacheka, akanipa mkono. Mkono una povu la sabuni.

Mke wangu alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu. Yeye anasuka nywele chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha. Wateja wake hukaa wameinamisha vichwa kuutafuta mwanga kama wamekosa jambo. Akasema basi na sisi tuwekeane. Nikipata uwakala, chumba cha mbele ni changu daima na hatalitaja tena dirisha. Nikikosa, yeye anahamia mbele na mimi nahamia nyuma. Nikakubali hapo hapo, mbele ya mama yake. Nitakosaje? Mimi nishindwe na ndoo!

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua boksi la kwanza.

Ndani ya kila boksi wameweka gemu ya bure. Nilidhani ni ya vita. Nilidhani angalau ni ya magari. Ni KUKU! Inaitwa Banda la Kuku. Picha ya juu ni tetea aliyejifunga leso kichwani. Unapunga padi, kile kishikio cha kuchezea, kama mtu anayerusha punje, kuku wanakuja, wanataga, unaokota mayai. Mwewe akitokea, unampungia padi juu juu mpaka akimbie. Basi! Hakuna bunduki. Hakuna adui. Hakuna hata kufa! Mashine yenye nguvu kiasi hiki inaokota mayai!

Kuna na katoni nzima wameniletea ya kuuza kando, imeandikwa Banda la Mbuzi. Sikuifungua. Nimeiwekea mto juu, nimeikalia. Kusema kweli ni kiti kizuri.

Nimekaa juu yake nikafikiri, na ukweli ukanijia wote kwa mkupuo. Mashine ya gemu hujengwa au huuawa na wanunuzi wake. Ikinunuliwa na wapita njia, watu waliotoka nyumbani kutafuta pasi, itachezwa siku tatu kisha itafunikwa kitambaa. Hawatanunua gemu ya pili. Watengenezaji wa gemu watakimbia. Mashine itakufa ikiwa bado na nailoni yake. Lakini ikinunuliwa na wachezaji wa kweli, itaishi miaka. Nani mwingine mtaani amewahi kuwaza haya? Jirani wa Ndoo? Yeye anawaza mifuniko!

Kwa hiyo nimeamua mambo mawili. Kwanza, nimetoa kuku kwenye maboksi yote. Heshima ya mashine kwanza. Pili, hakuna kuuziwa bila mtihani. Maswali ya mdomo, halafu vitendo: hatua moja ya gemu yangu ya vita bila kufa. Ukifeli, nenda salama.

Mke wangu ameuliza kama nimewahi kuona duka linalofukuza wateja. Nikamwambia hajui biashara. Akarudi nyuma gizani.

Jumatano, 5 Machi

Mtihani wa kwanza. Furaha!

Wamekuja Mabingwa, kundi la wachezaji wa kweli. Kiongozi wao wanamwita Kamanda, mwanamume mzima mwenye ndevu zinazofika kifuani anayeishi sebuleni kwa dada yake. Wamepita wote! Kamanda alipita akiwa amefumba jicho moja. Nilimkumbatia. Nilijiona nipo na watu wangu. Wamechukua boksi moja kwa kuanzia, na wakasema wengine bado wanatafakari. Mchezaji wa kweli hutafakari.

Jioni Jirani wa Ndoo kaja na uso wa unyenyekevu. Kasikia nina diski za kuku nisizozitaka. Anaziomba azitundike bustanini, zimulike jua, zifukuze ndege wanaomlia mboga. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kuku wafukuze ndege! Nikampa gunia zima. Hata nikamsaidia kulibeba kuvuka barabara.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Mama Mkwe kaja kununua mashine.

Mama Mkwe! Muuguzi mstaafu, mtu ambaye akikohoa mtaa unanyamaza. Kasema nyumba imekuwa kimya tangu astaafu, na kasikia kuna mashine ya kufuga kuku bila kinyesi. Kavaa vizuri. Nilimkaribisha kwenye katoni ya mbuzi, nikamletea maji, nikamwamkia mara mbili kwa woga. Kisha nikamwambia kuna mtihani kidogo.

Sheria ni sheria. Ningempitisha yeye, kesho ningemnyima nani?

Nilimuuliza kitufe cha kuruka ni kipi. Akaniuliza kwa nini mtu aruke wakati pembeni kuna njia. Nilimuuliza padi ina vitufe vingapi. Akasema hiyo ni rimoti. Nikasema padi, Mama. Akasema rimoti, mwanangu. Kwenye vitendo akaikuta maiti ya askari njiani, akagoma kupita mpaka apate shuka la kumfunika. Maadui wakampiga risasi akiwa anazunguka kutafuta shuka.

Nikamwambia kwa heshima zote na kwa masikitiko, Mama, umefeli.

Akainuka, akafunga mkoba wake, akanitakia siku njema. Nikamtazama akivuka barabara. Nikamwona Jirani wa Ndoo akimfutia kiti. Nikamwona akitoka na boksi, na juu ya boksi zawadi ya ufagio!

Mke wangu amepata habari. Amenipakulia chakula bila kunitazama, na mchuzi ameusahau.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tangu Jumamosi mtaa umejaa sauti za kuku. Nilidhani ni kuku wa kweli. Asubuhi nimepita kwa Mama Mkwe, nikachungulia dirishani. Salaale! Sebule imejaa wanawake wazima. Mshonaji, mwalimu wa chekechea, muuza maziwa, wake wa majirani wote. Wamesimama wanarusha punje hewani. Mwewe katokea. Wote wamepiga kelele, wamepunga mikono, taa ya dari ikapigwa kofi ikaanza kubembea. Mama Mkwe yuko mbele, kajifunga kanga kiunoni, anaamuru nani aende kwenye mayai na nani abaki kwa vifaranga. Kama wodini!

Lakini hilo si lililoniua. Lililoniua ni hili. Muuza maziwa ametoka nje ameshika diski ya kuku mkononi. Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema Jirani wa Ndoo anampa kila mnunuzi diski ya ziada ampelekee rafiki yake. Yule rafiki anabaki na kuku mkononi na hana pa kuwafugia. Anakaa nayo siku moja, siku ya pili anakwenda kununua mashine.

Diski zangu! Gunia langu! Nililibeba mwenyewe!

Nimekwenda kuangalia bustani yake. Hakuna diski hata moja iliyotundikwa. Tena hakuna bustani. Kuna ndoo tu.

Jumatano, 12 Machi

Nimejituliza. Wale ni wapita njia. Mimi nina Mabingwa. Nikajisemea leo nitawatembelea nione wanachonunua.

Kamanda nilimkuta hapa hapa dukani, hata sikuhitaji kutoka. Ndipo nilipogutuka: yupo hapa kila siku! Anajaribu gemu. Anaijaribu tangu nifungue mpaka nifunge, anaimaliza, kisha anasema haijamvutia. Wenzake wanajaribu zamu kwa zamu. Ile mashine moja waliyonunua inazunguka: leo iko kwa huyu, kesho kwa yule, inapakatwa barabarani kama mtoto mchanga. Gemu waliyonayo ni moja, ile ile, imekwaruzika mpaka inanguruma.

Nikamuuliza Kamanda kwa upole lini wataacha kutafakari. Akanijibu kwa upole zaidi kwamba mchezaji wa kweli hanunui hovyo. Akaniomba nisogee kidogo, nimemzibia kioo.

Nimekaa juu ya katoni ya mbuzi. Nimetoka kapa!

Ijumaa, 14 Machi

Mpango mpya. Nimebandua tangazo la mtihani. Nimebandika lingine: WOTE KARIBUNI, HATA MSIOJUA KITU. Nimesimama mlangoni nikitabasamu mpaka mashavu yameuma.

Hakuna aliyekuja. Wote wameshanunua! Ng'ambo hata mashine moja haikubaki. Mtaani wameshanipa jina, naitwa Profesa. Mshonaji amepita akaniuliza kama matokeo yametoka.

Nimempelekea fundi saa, mume wa mshonaji, salamu za ujirani, kumbe nataka kuona tu. Na huko nikapata dawa ya moyo wangu! Mashine yao imezimwa. Juu yake kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa maua ya plastiki! Nikauliza kulikoni. Fundi akasema kuku wamejaa uani mpaka hakuna pa kukanyaga, hakuna kilichobaki cha kufanya, wameichoka.

Nimerudi nikikimbia. Nilisema! Nilisema siku ya kwanza! Kitambaa! Nimemsimulia mke wangu kwa ushindi. Akaniuliza kama nimewauliza sasa wanataka nini. Swali gani hilo? Mtu mwenye kitambaa anataka nini zaidi ya maua?

Jumatatu, 17 Machi

Msambazaji amekuja. Niandike pole pole.

Tulikusanyika dukani kwangu. Jirani wa Ndoo kaja na tabasamu. Mke wangu kasimama karibu na dirisha, kalishika pindo la pazia kama anampima mtu nguo. Mama Mkwe kaja bila kualikwa, na nyuma yake sebule nzima.

Jirani wa Ndoo akajisifu kwamba amemaliza mashine zote. Nikaona dunia inanigeuka. Msambazaji akampongeza, kisha akauliza amewauzia gemu gani za pili. Jirani akatoa macho. Gemu ya pili? Si wana kuku? Msambazaji akanigeukia mimi. Mashine moja, gemu moja, inayonguruma.

Basi Msambazaji akakaa, uso umesawajika. Akasema wote wawili tumemmaliza. Mashine zikibaki kwa mashabiki wachache, hakuna atakayehangaika kuzitengenezea gemu. Zikijaa kila nyumba halafu kila nyumba ikaridhika na kitu cha bure, ni vile vile, watengenezaji wanafunga virago. Mashine inatakiwa iingie kwa wapita njia, halafu wapita njia wapate sababu ya kurudi. Vinginevyo atapakia kilichobaki leo na mtaa huu hatauona tena.

Mama Mkwe akakohoa. Mtaa ukanyamaza.

Akasema yeye amekwisha kurudi. Kuku walipojaa alikwenda ng'ambo kuuliza kama kuna kitu kingine cha kufuga, akauziwa ndoo. Kwa mkwe wake hakuthubutu, aliogopa kufeli tena. Lakini kungekuwa na mbuzi, akasema, wote hapa wangenunua leo hii. Wanawake wote wakaitikia mbuzi, mbuzi!

Msambazaji akaruka. Akasema mbuzi wapo! Wametoka pamoja na mashine! Katoni ilikuwa moja tu kwa mtaa mzima na alimwachia Profesa, kwa kuwa ndiye aliyejisifu kwamba anazijua gemu!

Macho yote yakaja kwangu. Kisha yakashuka. Nilikuwa nimeikalia.

Niliinuka taratibu. Mto ulikuwa umenata. Jamani, aibu niliyoipata siwezi kuiandika, na wino wenyewe unakataa. Mke wangu hakucheka. Alinitazama tu, na hilo ndilo lililoniuma.

Lakini Msambazaji ni mtu wa haki. Kasema mbuzi wako kwangu, na nafasi bado iko kwangu. Kesho atakuja tena. Nikiwauzia hawa mbuzi, uwakala ni wangu. Kuuza tu. Mke wangu akaninong'oneza jambo hilo hilo alipokuwa anafunga mlango: kesho, mume wangu, tafadhali, uza tu. Akasema hata dirisha yuko tayari kulisahau, mradi mama yake asilie tena kwa sababu ya duka letu. Sikujua kwamba Mama Mkwe alilia. Nimekosa raha kabisa. Kesho nauza.

Jumanne, 18 Machi

Nilikuwa nauza. Naapa nilikuwa nauza!

Foleni ilifika kwa fundi saa. Msambazaji amekaa pembeni, kalamu tayari. Mama Mkwe wa kwanza. Nimeshika diski ya mbuzi ya kwanza, namkabidhi. Bahati mbaya nikasoma nyuma ya kasha. Mbuzi wana ngazi! Kuna kukamua, kuna kupanda mlima, kuna fisi! Hii ni gemu nzito! Nikawatazama wale wanawake na mikoba yao. Nikaona kitambaa. Nikaona maua ya plastiki juu ya mbuzi. Mkono ukasita wenyewe.

Nikasema labda tuanze na maswali machache tu.

Nilisikia mke wangu akivuta pumzi. Msambazaji akafunika uso. Lakini Mama Mkwe hakukasirika, na ningetakiwa kuogopa hapo hapo. Akasema vyema, mwanangu, mtihani ni jambo jema, ila mwalimu atuonyeshe kwanza yeye mwenyewe. Akatoa diski yake ya kuku mkobani. Akaiweka kwenye mashine. Akanipa rimoti.

Padi, nikasema. Rimoti, akasema.

Sijawahi kucheza kuku. Nilidhani itakuwa dakika moja. Nikarusha punje, zikaangukia kisimani. Tetea wakanikimbia! Jogoo akanifukuza mpaka nyuma ya banda! Nikakanyaga mayai. Mwewe akashuka, nikatafuta kitufe cha kuruka, nikaruka, akachukua kifaranga. Nikaruka tena, akachukua kingine. Watu nyuma yangu wanapiga mayowe nipunge mikono, mimi naruka! Kamanda naye alikuwepo, akaniambia kwa huzuni kwamba hata kwake ningefeli. Nilipigana na yule ndege kwa nguvu zangu zote, jasho likinitiririka, mpaka banda likabaki na unyoya mmoja unaozunguka.

Nikageuka. Foleni haipo!

Wakati mimi naliwa na mwewe, mke wangu alifungua katoni na kuwauzia wote, mmoja mmoja, akimuuliza kila mmoja angependa nini baada ya mbuzi. Katoni tupu. Wanawake wameondoka wakikimbilia nyumbani kuondoa vitambaa. Msambazaji alikuwa anampa mke wangu mkono. Uwakala umeandikwa jina lake.

Nimeuliza kwa sauti ndogo, na chumba cha mbele? Mama Mkwe akajibu kwa niaba ya wote. Akaniambia kwa heshima zote na kwa masikitiko kwamba nimefeli.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa chumba cha nyuma. Ni kweli hakina dirisha. Nimeinamisha kichwa kuutafuta mwanga.

Mbele kumebadilika. Viti vya kusukia viko dirishani, jua linawamwagikia wateja mabegani. Ukutani mashine inawaka tangu asubuhi. Anayesubiri zamu ya kusukwa anachunga mbuzi, anayechunga mbuzi anaamua kusukwa, na wote wakitoka wanaulizia ng'ombe. Ng'ombe wanakuja mwezi ujao, mke wangu ameshawaagiza. Jirani wa Ndoo amenunua mashine yake mwenyewe na anakamua. Na leo, macho yangu yameona, Kamanda kanunua mbuzi! Yeye peke yake, bila kutafakari! Alikuwa amekaa kwenye kiti, anasukwa ndevu!

Mke wangu ni mwema. Alikuja na chai, akakaa na mimi gizani, akasema hana kinyongo. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia mengi sana. Akafurahi mpaka akanishika mkono. Nikatumia nafasi hiyo kuomba kazi ya kuwapokea wateja wake mlangoni. Amekubali mara moja! Naanza Jumatatu.

Maana nimekaa hapa nyuma nikasikiliza, na nilichosikia kimenishtua. Wengi wa wale hawapendi nywele kwa dhati. Ni wapita njia! Wanakuja kwa ajili ya mbuzi, wanasukwa mara moja, kisha watafunika kitambaa kichwani na saluni itakufa. Lazima mtu aichunge. Nimeshaandaa maswali, ni machache tu. Vitendo watasukana wao kwa wao.

Wa kwanza Jumatatu asubuhi ni Mama Mkwe.